Karamu Hii ni ya Nani? Sherehe katika Fasihi ya Italia

Mwaka 1501, kiongozi wa askari wa kukodiwa aitwaye Oliverotto alirudi Fermo, mji wa kwao, baada ya miaka mingi ya vita. Alikuwa yatima, amelelewa na mjomba wake, Giovanni Fogliani. Alimwandikia mjomba kwamba angependa kuingia mjini kwa heshima, akiwa na wapanda farasi mia moja, ili watu waone kuwa muda wake ugenini haukupotea bure. Mjomba akahakikisha amepokewa kama mtoto wa nyumbani. Siku chache baadaye Oliverotto akaandaa karamu kubwa, akamwalika mjomba pamoja na vigogo wote wa mji. Watu wakala, wakanywa, wakaburudishwa. Kisha mwenyeji akaanzisha mazungumzo mazito juu ya Papa na mwanawe, Cesare Borgia, akasema mambo kama hayo si ya kuzungumzwa hadharani, akaingia chumba cha ndani. Wageni wakamfuata. Hawajakaa sawasawa, askari waliojificha humo wakatoka na kuwaua wote.

Kisa hiki kimo katika sura ya 8 ya Il Principe, kitabu ambacho Niccolò Machiavelli alikiandika mwaka 1513 na kikachapishwa 1532, miaka mitano baada ya kifo chake. Machiavelli hapigi kelele. Anaeleza tu jinsi mtu alivyouteka mji kupitia meza ya chakula, na jinsi mwaka mmoja baadaye Oliverotto mwenyewe alivyonaswa na Cesare Borgia huko Senigallia, akanyongwa. Katika sura ya 21 anarudi kwenye jambo hilohilo kwa sauti ya upole zaidi: mtawala mwenye busara, anashauri, awashughulishe watu wake kwa sikukuu na maonyesho katika nyakati zinazofaa za mwaka.

Anayeitazama Italia kwa mbali huiona sherehe yake kama pambo: vinyago vya Venisi, mbio za farasi za Siena, fataki za Napoli. Waandishi wa nchi hiyo wameitazama kwa jicho jingine. Kwao, sherehe ni mahali ambapo mamlaka, dini, fedha na tamaa hukutana peupe, na swali linalorudi karne hadi karne ni la mwenye shughuli: karamu hii ni ya nani, na nani atalipa gharama yake?

Miji, watakatifu na kalenda

Swali hilo lina mizizi katika historia. Hadi 1861 hapakuwa na dola moja iitwayo Italia. Palikuwa na miji na falme, na kila mji ulikuwa na mtakatifu wake, vyama vyake vya mafundi na siku yake ya kujionyesha. Firenze ilikuwa na Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni. Venisi ilikuwa na Siku ya Kupaa, ambapo mtawala wake alitupa pete baharini kana kwamba anafunga ndoa na maji. Sikukuu ilikuwa namna ya mji kusema uko hai na uko chini ya nani. Fasihi ya Kitaliano ilizaliwa katika viwanja hivyohivyo.

Dante Alighieri alipata mema na mabaya yake kutoka sikukuu moja, ile ya tarehe 1 Mei, ambayo Firenze iliipokea kwa nyimbo na dansi za majira ya kuchipua. Giovanni Boccaccio, aliyeandika maisha yake, anasema Dante alimwona Beatrice kwa mara ya kwanza katika karamu ya siku hiyo nyumbani kwa baba yake binti huyo, Folco Portinari, mwaka 1274, mshairi akiwa hajatimiza miaka 9. Tarehe hiyohiyo mwaka 1300, wanawake wakicheza katika uwanja wa Santa Trinita, vijana wa koo mbili hasimu, Cerchi na Donati, waligongana wakiwa juu ya farasi. Ricoverino de' Cerchi akakatwa pua. Mwanahistoria wa zama hizo, Dino Compagni, aliuona ugomvi huo kama chanzo cha mpasuko wa mji kati ya makundi mawili ya kisiasa, Weupe na Weusi. Dante alikuwa upande wa Weupe. Mwaka 1302 alifukuzwa, na hakuliona tena jiji lake hadi alipofia Ravenna mwaka 1321.

Si ajabu basi kwamba Divina Commedia imepangwa juu ya kalenda ya sikukuu. Safari inaanza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1300, na alfajiri ya Pasaka msafiri anatokea ufukweni mwa toharani. Mwaka huo Papa Bonifasi VIII alikuwa ametangaza Jubilei ya kwanza, na mahujaji walifurika Roma hata ikabidi daraja la kwenda Mtakatifu Petro ligawanywe njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Dante anaichukua picha hiyo na kuipeleka motoni: katika wimbo wa 18 wa Inferno, makuwadi na walaghai wa wanawake wanatembea kwa mistari miwili inayopishana, kama wale mahujaji, huku mashetani wakiwachapa mijeledi. Kwa mshairi aliyemchukia Bonifasi, huo haukuwa mfano wa bahati nasibu.

Boccaccio naye aliijenga Decameron juu ya sherehe, ila ya watu waliokimbia kifo. Tauni ya 1348 inaimaliza Firenze. Wasichana saba na wavulana watatu wanahamia mashambani, kila siku wanamvika taji mfalme au malkia mmoja wao, wanasimuliana hadithi, na jioni wanaimba na kucheza. Ijumaa na Jumamosi hawasimulii. Raha yao ina ratiba na sheria, kwa sababu mjini sheria zimekufa pamoja na watu.

Lakini Boccaccio anajua pia sherehe isiyo na huruma. Katika hadithi ya pili ya siku ya nne, mtawa laghai aitwaye Alberto anamdanganya mwanamke wa Venisi kwamba malaika Gabrieli amempenda, kisha anaenda usiku kujifanya malaika huyo. Ndugu za mume wanapovamia, anajirusha mferejini na kujificha kwa mtu mmoja wa kawaida. Mtu huyo anamwambia leo ni siku ya mchezo wa mjini. Amtoe akiwa amejifanya mtu wa porini, hakuna atakayemtambua. Anampaka asali mwili mzima, anambandika manyoya, anamfunga mnyororo shingoni na kumvisha kinyago. Kisha anatuma watu wakatangaze kwamba anayetaka kumwona malaika Gabrieli aje uwanja wa Mtakatifu Marko. Alberto anafungwa kwenye nguzo, nzi wakimla kwa ajili ya asali, hadi kinyago kinapovuliwa mbele ya umati. Kinyago kilichokuwa kimfiche ndicho kilichomfichua.

Wimbo mmoja, mabwana wawili

Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze asiye na cheo rasmi, aliuelewa ushauri wa Machiavelli kabla haujaandikwa. Alitunga mwenyewe nyimbo za kanivali, zile za siku za kula na kunywa kabla ya Kwaresima, ziimbwe juu ya magari yaliyopambwa yakizunguka mjini. Maarufu kuliko zote ni ule wa Bacco na Arianna, unaohusishwa na kanivali ya 1490, unaousifu ujana kwa sababu unapita. Mtunzi alikuwa na sababu ya kuijua haraka hiyo. Mwaka 1475 mdogo wake, Giuliano, alishinda mashindano ya mikuki ya wapanda farasi, na Angelo Poliziano akaanza utenzi wa kuusifu ushindi huo. Tarehe 26 Aprili 1478, Giuliano alichomwa visu hadi kufa kanisani, katikati ya misa ya Jumapili, katika njama ya ukoo wa Pazzi. Utenzi ukabaki nusu hadi leo.

Lorenzo alifariki 1492. Mtawa Girolamo Savonarola alipoishika Firenze, hakuifuta kanivali, aliigeuza. Tuni zilezile za kanivali ziliwekewa maneno mapya ya dini, na tarehe 7 Februari 1497, siku ya mwisho ya shamrashamra, vinyago, vioo, vitabu na picha vilirundikwa na kuchomwa katika uwanja wa Signoria. Tarehe 23 Mei 1498 Savonarola mwenyewe alinyongwa na kuchomwa katika uwanja huohuo. Ndani ya miaka minane Firenze ilikuwa imeona karamu ya bwana, karamu ya mtawa na karamu ya mnyongaji. Machiavelli, aliyeajiriwa na serikali ya mji wiki chache baadaye, alikuwa shahidi.

Nyumba iliyofungwa usiku wa vinyago

Wasomaji wa Kiswahili waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, wanakumbuka Shylock akimwamuru binti yake afunge madirisha asisikie ngoma za wenye vinyago, na binti akitoroka usiku uleule. Hiyo ni tamthilia ya Mwingereza. Mvenisi halisi, Carlo Goldoni, aliandika hali inayofanana nayo mwaka 1760, bila kisu wala mahakama, akaipa jina I rusteghi.

Ni siku za mwisho za kanivali. Wafanyabiashara wanne wakali wamekubaliana kwamba dunia imeharibika, kwa hiyo wake na mabinti hawatatoka, hawatacheza, hawataona tamthilia. Lunardo amemposa binti yake, Lucietta, kwa mtoto wa rafiki yake Maurizio, na ameamuru wachumba wasionane hadi siku ya ndoa. Wanawake hawapigi kelele. Bi Felice, mke wa mmoja wa wazee hao, anamleta kijana nyumbani akiwa amevaa nguo za kike na kinyago, kwa kuwa kanivali inaruhusu. Wachumba wanaonana, wanapendana, wanafumwa, na nyumba inawaka moto wa hasira. Mwishowe Felice anasimama mbele ya wanaume na kuwaeleza, kwa hoja baada ya hoja, kwamba ukali wao ndio uliozaa udanganyifu. Wanaishiwa maneno. Kwa Goldoni, kanivali ni haki ambayo vijana na wanawake wanaidai kutoka kwa wenye funguo, na wanaipata kwa akili.

Miaka miwili baadaye, Februari 1762, Goldoni aliaga jukwaa la Venisi kwa tamthilia ya usiku mmoja wa kanivali miongoni mwa wafumaji wa hariri. Mchora mitindo kijana, Anzoletto, anakula na kucheza karata na wenzake kabla ya kusafiri kwenda kufanya kazi Urusi. Watazamaji walijua anayeaga ni nani: Goldoni alikuwa anaondoka kwenda Paris, ambako alifia mwaka 1793. Jamhuri ya Venisi yenyewe ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, na kanivali yake kuu ikafifia hadi ilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kengele, maandamano na tauni

Hakuna aliyepima uzito wa sherehe kwa mizani kali kama Alessandro Manzoni. I promessi sposi, riwaya iliyotoka kwanza 1827 na kwa sura yake ya mwisho 1840 hadi 1842, ni hadithi ya harusi iliyozuiwa. Renzo na Lucia walipaswa kufunga ndoa tarehe 8 Novemba 1628. Bwana mkubwa wa eneo anamtaka bibi harusi, na padri anaogopa. Siku tatu baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Martino, Renzo anaingia Milano akiwa mkimbizi, anakuta unga na mikate imemwagika barabarani. Kwanza anadhani ni neema. Ni fujo za njaa: watu wamevamia maduka ya mikate.

Halafu kuna asubuhi ya yule jambazi mkuu asiyetajwa jina. Amemteka Lucia kwa niaba ya bwana, hajalala usiku kucha, amefikiria kujiua. Kunapambazuka, anasikia kengele za mbali zikilia kwa furaha, kisha nyingine zikijibu. Anafungua dirisha, anaona watu bondeni wakitembea wamevaa nguo zao nzuri, wote wakielekea upande mmoja. Anakereka: watu hawa wamepata raha gani? Anaambiwa Kardinali Federigo Borromeo amefika kijiji cha jirani. Mtu mwenye ngome, silaha na watumishi anajikuta peke yake nje ya furaha ya maskini, na ndipo anapoanza kuongoka.

Manzoni angeweza kuishia hapo, na kitabu kingekuwa cha mahubiri. Lakini katika sura ya 32 anaandika juu ya tarehe 11 Juni 1630. Tauni imeingia Milano. Watu wanataka mwili wa Mtakatifu Carlo Borromeo utembezwe mjini. Kardinali yuleyule mwema anakataa kwanza, kisha anakubali. Nyumba zinapambwa, mishumaa inawashwa, msafara unazunguka jiji zima tangu alfajiri. Siku inayofuata vifo vinaongezeka kila mtaa. Umati haukubali kwamba msongamano ndio ulioueneza ugonjwa. Unawalaumu watu wa kubuniwa waliodaiwa kupaka sumu katikati ya maandamano. Manzoni alikuwa Mkatoliki wa dhati, na kwa sababu hiyo kurasa hizi zina nguvu. Anaonyesha kuwa kengele zilezile zinaweza kumwokoa mtu mmoja na kuua maelfu.

Mshairi wa siku ya kabla

Giacomo Leopardi hakuwa na imani ya Manzoni, na sherehe aliyoiandika ni ya mji mdogo wa Recanati. Katika shairi lake la mwaka 1829 juu ya Jumamosi kijijini, sikukuu yenyewe haifiki. Jua linazama, msichana anarudi kutoka shamba na mzigo wa nyasi na shada la maua atakalojipambia kesho. Bibi kizee amekaa ngazini na majirani, anasokota uzi akikumbuka alivyokuwa akicheza enzi zake. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, nyundo na msumeno vinasikika bado: seremala anajitahidi amalize kazi kabla ya mapambazuko. Raha yote iko hapo, asema Leopardi, katika kungoja. Kesho italeta uchovu na mawazo ya kazi ya Jumatatu.

Miaka tisa kabla, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa ameiandika sikukuu kutoka upande wa pili, pale inapokwisha. Wimbo wa fundi anayerudi nyumbani unafifia njiani, na kijana aliyelala macho anawaza kelele za himaya ya Roma, ambazo nazo zimenyamaza. Kati ya mashairi hayo mawili Leopardi aliinyang'anya sherehe siku yake yenyewe. Na akawapa maskini kitu: ngoja-ngoja ya Jumamosi haihitaji mwaliko wa mtu.

Mtakatifu anapodai mkono

Baada ya muungano wa 1861, waandishi wa kusini waligeukia vijiji vyao. Giovanni Verga, Msisilia, katika mkusanyiko wa hadithi fupi wa 1880, ana kisa cha parokia mbili zinazopigana hadharani, moja ya Mtakatifu Roko na nyingine ya Mtakatifu Paskali. Nino na Saridda ni wachumba, lakini kila mmoja ana mtakatifu wake, na uchumba unavunjika kwa ajili ya bendera. Ukame na kipindupindu ndivyo vinavyowarudisha pamoja. Verga anacheka, ila kicheko chake kina hesabu ndani yake: wenye njaa wanatoa senti ya mwisho ili fataki za upande wao zizidi.

Gabriele D'Annunzio hakucheka. Katika hadithi yake fupi L'eroe, kijiji cha Mascalico kinaadhimisha siku ya Mtakatifu Gonselvo. Sanamu ya shaba ni nzito kupindukia. Wanaume wanane wanaibeba, inaponyoka, na mkono wa kulia wa mmoja wao, aitwaye Ummàlido, unabanwa chini. Anapiga yowe mara moja, kisha ananyamaza. Mfupa umesagika. Jioni anaingia kanisani katikati ya sala, anaukata mkono uliobaki ukining'inia na kuuacha udondoke katika bakuli la sadaka, akimwambia mtakatifu kwamba anamtolea. Wasomaji wamebishana kama D'Annunzio anaushangilia ushupavu huo au anauogopa. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba padri na matajiri wa kijiji hawatoi kiungo chochote.

Grazia Deledda, Msardinia aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1926, aliitazama shughuli kwa macho ya mtumishi. Katika Canne al vento, ya mwaka 1913, Efix anawatumikia akina dada watatu wa ukoo uliofilisika. Anahiji kwenye sikukuu ya Bikira Maria, ambako mahujaji hukaa siku kadhaa katika vibanda kuzunguka kanisa, mioto ikiwaka na akodioni ikilia. Baadaye, akitubu kosa la zamani, anaongozana na ombaomba vipofu kutoka sikukuu hadi sikukuu, na hapo msomaji anaona upande wa nyuma wa furaha: kuna watu ambao kwao sherehe ni kazi, na vumbi la njiani ndilo mshahara. Efix anakufa siku ambayo mdogo wa mabibi zake, Noemi, anaolewa. Anajitahidi asiiharibu harusi.

Karibu na hao yuko Luigi Pirandello, Msisilia kama Verga na mshindi wa Nobel ya 1934. Katika Enrico IV, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milano tarehe 24 Februari 1922, bwana mmoja anashiriki msafara wa mavazi ya kale wakati wa kanivali, akiwa amevaa kama mfalme Enrico IV wa Ujerumani. Anaanguka kutoka kwenye farasi, anagonga kichwa, na anapozinduka anaamini kweli ni mfalme. Miaka 12 anaishi katika wazimu huo. Kisha anapona, lakini ujana umepita na mwanamke aliyempenda yuko na mwingine. Anachagua kuendelea kujifanya kwa miaka minane. Boccaccio alivua kinyago mbele ya umati na ukweli ukatoka. Kwa Pirandello, anayevua kinyago anakuta karamu imekwisha na hakuna aliyemwekea chakula.

Dansi ya mwisho, mlo wa mwisho

Karne ya 20 iliongeza mgeni mmoja kwenye kila meza: historia. Katika Il Gattopardo, riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa iliyotoka 1958, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki, dansi kubwa inafanyika Palermo mwezi Novemba 1862. Mtawala mpya yuko, wenye fedha mpya wameingia, na mkuu Fabrizio Salina anawatazama mabinti wa ukoo wake wakirukaruka na kupiga kelele, anachoka. Anaingia maktaba, anakuta picha ya mzee anayekufa akizungukwa na watoto wake, anajiuliza kama kifo chake kitafanana. Kisha anacheza raundi moja na Angelica, binti mzuri wa tajiri mpya, na watu wanaacha kucheza ili wawatazame. Alfajiri anarudi kwa miguu, na gari la nyama linapita limerundikwa ng'ombe waliotoka kuchinjwa, damu ikidondoka barabarani. Lampedusa haelezi maana yake, wala hana haja.

Giorgio Bassani, katika riwaya ya 1962 juu ya familia ya Finzi-Contini ya Ferrara, anaweka mezani mlo wa Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1939, baada ya sheria za ubaguzi za 1938. Msimulizi anawatazama shangazi na wajomba zake na kuwaona kama vivuli, kwa kuwa wakati wa kusimulia tayari anajua nani hatarudi kutoka kambi za Wajerumani. Hakuna katika fasihi hii sikukuu tulivu kuliko hiyo, wala ya kutisha kuliko hiyo.

Cesare Pavese alichagua moto. Katika La luna e i falò, iliyotoka 1950, Anguilla, mtoto wa kuokotwa aliyetajirika Marekani, anarudi kwenye vilima vya Piemonte baada ya vita. Rafiki yake Nuto, aliyekuwa akipiga klarineti katika kila sherehe ya bonde, anasisitiza kwamba mioto ya usiku wa Mtakatifu Yohane kweli huiamsha ardhi. Anguilla anacheka. Lakini kitabu kinaendelea kuwasha mioto ya aina nyingine: mkulima fukara anachoma nyumba anayoishi kwa kukata tamaa, na katika ukurasa wa mwisho Nuto anaeleza jinsi wapiganaji wa msituni walivyomuua msichana mrembo Santa kwa kosa la ujasusi, wakauchoma mwili wake kwa matawi ya mizabibu. Alama ilibaki ardhini, kama ya moto wa sikukuu. Pavese alijiua Agosti mwaka huohuo.

Elena Ferrante ameirudisha shughuli mtaani. Katika L'amica geniale ya 2011, usiku wa kuamkia mwaka 1959, familia za mtaa maskini wa Napoli zinashindana kurusha fataki na ndugu wa Solara, vijana wenye fedha za kutisha. Akina Solara wanapoishiwa fataki, wanapiga risasi. Hapo Lila anaona kwa mara ya kwanza watu wakipoteza mipaka ya maumbo yao, hata kaka yake mwenyewe. Kitabu kinaisha kwenye harusi ya Lila akiwa na miaka 16. Wageni wanagombana nani kahudumiwa kwanza na nani kapewa mvinyo mbaya. Kisha Marcello Solara, ambaye Lila alimkataa, anaingia amevaa viatu alivyovibuni na kuvishona Lila pamoja na kaka yake, ambavyo mume wake alivinunua kama ishara ya mapenzi. Bibi harusi anaelewa mbele ya keki kwamba ameuzwa.

Kibali au uhuru?

Umberto Eco alilikusanya suala hili lote katika Il nome della rosa, mwaka 1980. Mtawa kipofu Jorge yuko tayari kuua ili kitabu cha Aristotle juu ya uchekeshaji kisisomwe, lakini haogopi kanivali. Kanisa lenyewe, anaeleza, limeruhusu siku za ulevi na kicheko ili mkulima apumue, kisha arudi kutii. Anachoogopa ni kicheko kinachopewa elimu na kitabu. Katika insha ya 1984 Eco alisema, kwa sauti yake mwenyewe, jambo la karibu na hilo: uasi ulioruhusiwa na sheria huwakumbusha watu sheria.

Dario Fo, mshindi wa Nobel ya 1997, alijibu kwa vitendo. Katika Mistero buffo ya 1969, aliyoicheza hata viwandani na viwanjani, malaika anasimama kusimulia harusi ya Kana kwa lugha safi. Mlevi anamkatiza, yeye alikuwepo, aliinywa ile divai. Malaika anamwamuru anyamaze, mlevi anamnyonyoa manyoya na kumfukuza jukwaani, kisha anasimulia muujiza kama mtu aliyeshiba.

Kati ya Eco na Fo, ushahidi wa karne saba unaelemea kwa Eco. Karamu nyingi katika vitabu hivi zina mwenyewe, naye si yule anayecheza: ni Lorenzo, ni kardinali, ni akina Solara. Pale furaha inapowafikia wasio na kitu, huwafikia kwa mlango wa pembeni, kama ilivyo kwa Lucietta anayemwona mchumba wake kwa hila, wanakijiji wa Leopardi siku ya Jumamosi na mlevi wa Fo. Kwa hiyo anayetaka kuijua Italia kupitia sikukuu zake asianze na picha za vinyago. Aanze na I rusteghi, aende sura ya 32 ya Manzoni, amalizie na harusi ya Lila, na katika kila ukurasa amtafute mtu aliyesimama karibu na mlango.